Udongo wa Maua ya Ndevu

Mpaka leo nikipita chini ya mikorosho msimu wa mabibo, mate hunijaa kinywani, na si mate ya hamu. Wenzangu husema harufu ile ni tamu, inawakumbusha uraka, ile pombe ya mabibo, na ngoma za unyago. Waseme. Mimi hunikumbusha Nikolao akiwa ameshika jembe la ofisi, na hapo sharti niteme.

Nikolao ni mdogo wangu, tumbo moja. Kwetu Newala mtoto ni wa ujombani; baba huzaa, lakini mwenye kauli ni mjomba. Kwa hiyo binti yangu Justina alikuwa wangu kwa kumzaa, na wa Nikolao kwa kila kitu kingine. Alipokwenda Ndanda kujifunza uuguzi, mjomba ndiye aliyekubali. Alipokufa, mjomba ndiye aliyepima kaburi. Sikuona ubaya wake wakati huo. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo nilikuwa nimeivaa tangu utotoni.

Maua yale Justina aliyapata kwa sista mmoja mzee, Sista Wilhelmina, aliyekuja nayo kutoka kwao Ulaya. Ni maua ya rangi ya zambarau, makubwa, petali tatu zimesimama na tatu zimelala, na kwenye zile zilizolala kuna vinyweleo vya manjano kama ndevu. Ndiyo maana tuliyaita maua ya ndevu. Hayana mbegu ya kupanda wala kitunguu. Yana shina nene linalotambaa ardhini, ukilitazama utadhani tangawizi, na sisi tuliliita tangawizi hivyo hivyo. Justina alileta vipande vichache ndani ya kitambaa akanifundisha udongo wake.

"Mama, usiyalishe," aliniambia. "Haya si mboga. Ukiyapa mbolea yanaoza."

Basi tulichimba, tukatoa mizizi yote ya magugu, tukavunja mabonge kwa mikono. Tukaenda korongoni kuchukua mchanga wa chenga, ule unaokwaruza, tukauchanganya na majivu ya jikoni. Tukainua tuta ili maji ya mvua yasikae. Kisha kila tangawizi ikalazwa juu kabisa, mizizi ikashuka huku na huku, mgongo ukabaki wazi. "Tumbo ardhini, mgongo juani," alisema Justina, "kama kenge anayeota jua." Nilicheka. Nimelima muhogo maisha yangu yote, sijawahi kupanda kitu nikakiacha uchi. Lakini yalishika, na hayakuomba maji, jambo la maana mahali ambapo ndoo moja ya maji ni safari ya kushuka bondeni na kupanda tena.

Kisha vita vya ng'ambo vikamchukua. Alishuka bonde la Ruvuma kuwafunga vidonda watu waliovuka kutoka Msumbiji, akakanyaga bomu lililotegwa njiani. Tulizika tulichookota. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu nataka ujue kaburi lile lilikuwa na nini ndani. Lilikuwa nyuma ya nyumba yangu, upande wa kuelekea kijiji cha Makote. Msalaba ulikuwa wa mti na mchwa waliuanza mapema. Nikaona mti hautadumu, nikayahamisha maua ya ndevu juu ya kaburi, kwa udongo uleule wa mchanga na majivu. Kila kiangazi yalichanua, nami nikakaa pale asubuhi na chai yangu, nikazungumza na mwanangu.

Mwaka wa Operesheni Vijiji tuliambiwa tuhamie kijiji kipya kando ya barabara. Siwezi kusema sikuambiwa sababu. Niliambiwa mpaka masikio yakachoka. Shule, zahanati, bomba la maji. Nikolao alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa kijiji hicho, na shingo yake ilinenepa siku ileile. Nyumba zetu za zamani zilitiwa moto ili asirudi mtu. Niliomba jambo moja tu, kwamba kaburi lisiguswe, maana maua ndiyo alama yangu. Pori la kwetu halina adabu. Mvua moja tu, vichaka vinafanana, na hujui tena ulizika wapi.

"Shikamoo dada," alisema Nikolao. Alikuwa na heshima sana ya mdomoni. "Usiwe na wasiwasi. Yule ni mpwa wangu."

"Marahaba," nikamjibu. Nililala nimetulia. Mjinga mimi.

Haukupita muda, nikaenda ofisini kuulizia bomba ambalo halikuwa limefika, nikakuta akina mama wamepangwa mstari wanachimba mbele ya mlango. Katikati, juu ya gunia, yalikuwa yamelala maua yangu. Majani yake nilikuwa nayajua kama ninavyozijua kanga zangu. Nikolao alikuwa amekwenda kaburini peke yake asubuhi hiyo, akachimba, akayang'oa yote pamoja na udongo wake.

"Umechimba wapi, Nikolao?"

"Dada, mgeni anakuja kutoka mkoani. Kijiji chetu lazima kipendeze. Justina mwenyewe angefurahi."

Nilitazama jembe lake. Lilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye mpini, udongo wa kina. Hukuchimba maua tu, nikasema moyoni, umechimba kama mtu anayetafuta fuko. Niligeuka nikatapika pale pale kwenye uwanja wa ofisi. Mwenyekiti akasema jua kali, apewe maji. Maji yenyewe hayakuwepo.

Ningeweza kunyamaza na kuyaacha yafe. Lakini yale ndiyo yaliyokuwa yamebaki ya mwanangu juu ya ardhi, kwa hiyo nikaumeza uchungu nikamweleza. Nikamwambia mchanga, majivu, tuta, mgongo juani. Nikolao alinicheka mbele ya watu.

"Dada, unataka nimpandie mgeni wa mkoa kwenye jivu? Udongo ukishiba, ua linashiba."

Ukiona vyaelea vimeundwa, walisema wazee, lakini mdogo wangu aliona vinavyoelea tu. Aliagiza mavi ya mbuzi, mabichi, kutoka kila zizi. Akaagiza matumbo ya ng'ombe aliyechinjwa kijijini wiki ile. Na kwa kuwa ulikuwa msimu wa korosho, akaagiza machicha ya mabibo, yale makapi yanayobaki watu wakishakamua maji ya uraka, madebe kwa madebe, yakiwa yameshachacha na kutoa povu. Vyote vikakanyagwa pamoja kwa miguu ya akina mama. Niliona nzi wakifuata kisigino cha jirani yangu Dominika kama wanafuata nyama. Kisha tangawizi zikafukiwa ndani kabisa, kama muhogo, na kila siku zikamwagiwa maji yaliyobebwa kichwani kutoka bondeni, wakati watoto wetu wakioga kwa kikombe.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, kitanda kile cha maua kilianza kuchemka. Sitii chumvi. Viputo vilipanda vikapasuka. Kwanza ilikuja harufu ya pombe mbovu, halafu ya zizi, halafu ikaja nyingine chini ya hizo mbili, nyembamba, inayokaa kwenye koo hata ukiondoka. Wengine walidhani panya amekufa chini ya sakafu ya ofisi. Mimi nilijua ni tangawizi. Ua la ndevu likioza linanuka kuliko mzoga, Justina aliniambia, na sasa nilikuwa nalithibitisha kwa pua yangu. Nikolao alinyunyiza chokaa juu akasema imekwisha.

Mgeni alifika. Tuliimba, tulipiga makofi. Alikuwa mtu mzima mpole, koti lake jeupe, na nilimwonea huruma alivyojizuia kuinua leso. Nikolao alimpeleka mpaka kwenye maua akasema kwa sauti kubwa, "Haya ndugu mgeni ni matunda ya jasho la pamoja." Majani yalikuwa bado yamesimama, kijani, yamedanganya macho ya kila mtu. Mgeni kwa adabu yake akainama akashika jani moja.

Jani lilimfuata mkononi. Lilitoka lote, bila kukatika, na chini yake likaning'inia ute mweupe kama usaha, ukadondoka kwenye kiatu chake. Harufu iliyotoka kwenye tundu lile iliwarudisha nyuma hata mgambo. Mtoto mgongoni kwa mama yake akaanza kulia. Nikolao, mwenyekiti, mdogo wangu wa tumbo moja, akavua shati lake jipya akamfuta mgeni vidole, kimoja kimoja, huku akisema, "Akina mama hawa ni wavivu, niliwaambia wasafishe."

Nilimtazama akifuta na nikahisi kinyaa ambacho sijawahi kukihisi kwa mtu wala mnyama. Ute ule ulitoka kwenye maua yaliyoota juu ya mwanangu.

Watu walipotawanyika, niliingia kwenye kitanda cha maua kwa magoti. Dominika alinivuta bega, "Mama Justina, acha, utaugua," nikamwambia aniache. Nilichimba kwa mikono. Tangawizi zilipasukia vidoleni mwangu kama mabibo yaliyooza, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na funza wake. Nilitapika tena, nikaendelea. Pembeni kabisa, mahali machicha hayakufika vizuri, nikagusa kitu kigumu. Kilikuwa kipande kidogo, nusu yake imeoza. Nikakata ule uozo kwa kisu, nikakipaka jivu, nikakifunga kwenye upindo wa kanga. Niliosha mikono kwa mchanga mpaka ngozi ikauma na harufu haikutoka.

Kesho yake nilirudi kwenye mahame yetu. Nilikuwa nimekwenda kwa ujasiri, nikidhani miguu itanipeleka yenyewe. Haikunipeleka. Nyumba ilikuwa rundo la majivu na kuta zilizopasuka, nyasi zimenifika kiunoni, na msalaba ulikuwa umeliwa wote. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikitafuta mahali pa mwanangu kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Kila mwinuko ulikuwa kichuguu. Nilianza kulia kwa hasira, nikimwita kwa jina, na hapo mguu wangu ukaingia shimoni mpaka gotini.

Lilikuwa shimo la Nikolao. Alipong'oa maua hakujali hata kulifukia. Ndani yake kulikuwa na maji machafu na chura mmoja aliyenitumbulia macho. Nilikaa ukingoni, nikamlaani ndugu yangu kwa lugha zote mbili ninazozijua, na nikajua kwamba bila ya uchafu wake ule nisingempata mwanangu tena maisha yangu yote. Sikumshukuru. Sitamshukuru.

Nilitoa maji kwa kata, na chura nikamtoa. Nikateremka korongoni kuchukua mchanga wa chenga, nikapanda, nikateremka tena. Majivu sikuyatafuta mbali. Nyumba yangu yote ilikuwa majivu. Nilichota pale palipokuwa jikoni na pale palipokuwa kitanda cha Justina, nikapepeta kwa ungo, nikachanganya, nikalijaza shimo mpaka likawa tuta. Nikakilaza kile kipande juu. Tumbo ardhini, mgongo juani. Kisha nikatawanya majani makavu pande zote, asijue mtu kwamba hapo pameguswa.

Kiangazi kilichofuata lilichanua ua moja tu. Lilikuwa zuri, na lilinukia vizuri, nafikiri. Mimi niliinama kulinusa nikasikia machicha.

Mabibo yalipoanza kuanguka tena, Nikolao alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa amekonda, uenyekiti umekwenda kwa mwingine, na shingo imekwenda nao. Tumbo lilikuwa linamsumbua tangu siku ile ya mgeni. Kila akila anatapika. Alikuwa amekwenda hospitali, hawakuona kitu. Kisha alikwenda kwa mganga, yeye aliyekuwa akitukataza waganga kwenye mikutano, na mganga akamwambia jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Mjomba aliyemkosea marehemu anakwenda mwenyewe kaburini, anafagia, anamwaga unga, anaomba radhi. Hawezi kumtuma mtu. Mkononi alikuwa ameshika mfuko mdogo wa unga wa mtama na ufagio mpya.

"Shikamoo dada."

Nilikuwa napepeta mchanga kwenye ungo, nikaendelea kupepeta.

"Nimekwenda kule mara nyingi," alisema. "Nimezunguka mpaka nimechoka. Silioni. Pori limefunika, hata lile shimo halipo. Dada yangu, nakufa. Nionyeshe mpwa wangu alipo."

Alinuka. Labda ni matapishi, labda ni pua yangu tu. Niliuweka ungo chini nikamtazama, yeye na ufagio wake.

"Nikolao," nikamwambia, "siku ile ulipobeba jembe, hukuuliza njia."