Sanduku la Noelle

Royce Thibault alianza kutengeneza sanduku mwezi wa Aprili, theluji ikiwa bado haijayeyuka nyuma ya banda lake. Binti yake, Noelle, alikuwa na miaka kumi na miwili. Angeondoka mwishoni mwa Juni kwenda kambi ya wasichana kando ya ziwa, mwendo wa saa tatu kutoka kwao Vermont. Mama yake naye aliwahi kwenda kambi hiyohiyo utotoni. Mama huyo, Corinne, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nyumba ilibaki na watu wawili.

Madukani masanduku yalikuwepo tele, lakini Royce aliyagonga kwa kidole, akasikia jinsi yalivyo mepesi, akatoka bila kununua. Alichagua mbao za msonobari zisizo na vifundo na bawaba za shaba. Vishikio akavifanya vya kamba nene, visije vikaumiza mikono ya watoto. Kila jioni baada ya kula alishuka bandani, akapiga randa na msasa taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kumaliza.

Siku moja jirani yao, Verna Stoddard, alichungulia mlangoni.

"We Royce, hilo ni sanduku au jeneza?"

Royce akaendelea kupiga msasa. Verna akashika mdomo wake.

"Nisamehe. Mdomo wangu huu hauna breki."

"Usijali," Royce akasema. "Nishikie huo upande."

Lilipokamilika akamwita Noelle. Msichana akalizunguka, akafungua kifuniko, akanusa ndani. Kisha akachukua futi na kupima kimo.

"Baba, ile karatasi ya kambi umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Imesema lisizidi inchi kumi na tatu, liingie chini ya kitanda. Hili lina kumi na saba."

"Nilitaka upate nafasi. Blanketi, koti zito, buti..."

"Baba, ni wiki nne tu. Na ni kiangazi. Mimi sihami."

Royce akatazama mikono yake. Karatasi ile alikuwa ameisoma mara nyingi, na kipimo alikijua. Kesho yake akatoa bawaba, akakata inchi nne kuzunguka sanduku lote, akaanza upya kulipiga vanishi.

Siku ya kwenda, wasichana wawili wa kambini wenye fulana za kijani walilipokea sanduku garini, kila mmoja akashika upande wake. "Zito kweli hili," mmoja akasema, "umebeba mawe?" Noelle akacheka, akawafuata. Alikuwa ameshafika kwenye miti alipokumbuka kurudi kumkumbatia baba yake.

Nyumbani Royce alikula mbele ya redio. Barua ya kwanza ilikuwa na mistari sita. Mvua ikinyesha, Noelle aliandika, wasichana wote wa kibanda chao hulivuta sanduku katikati na kucheza karata juu yake. Royce aliisoma akiwa amesimama kando ya barabara, kwenye kisanduku cha barua, akairudia akiwa jikoni.

Jumapili ya wageni kule kambini alifika mapema kuliko wazazi wote. Noelle alikuwa ameungua jua puani na amejifunza kupiga makasia. Alimwonyesha ziwa, akamtambulisha kwa rafiki zake, kisha akamvuta pembeni.

"Baba, kuna wiki nne nyingine. Wenzangu wote wanabaki." Akakwangua ardhi kwa kiatu. "Ila kama utakuwa mpweke, nitarudi."

"Nani kakwambia mimi mpweke?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Kazi ninazo mpaka shingoni," Royce akasema. "Baki, mwanangu. Wako wapi wanaotoa fomu za kubaki?"

Akatia sahihi kwenye meza chini ya hema, na Noelle akamning'inia shingoni kama alivyokuwa akifanya zamani.

Njiani kurudi alisimama kwenye kibanda cha mkulima na kuchukua mahindi mabichi sita, kiasi walichozoea kula yeye na binti yake. Alipofika aliyachemsha yote. Alikula mawili amesimama kwenye sinki, akipaka siagi kwa kidole. Yaliyobaki akayafunika kwa sahani, akafungua dirisha, akasikiliza jirani akikata majani mpaka mashine ilipozimwa.