Zamu ya Chumba cha Juu

Siku ya tatu ya kanikula, zile siku arobaini za joto kali ambazo jiji la Monterrey huwa kama chungu kilichosahauliwa jikoni, Bi Eduviges alikuwa hajakaa kitako tangu alfajiri. Maji ya bomba yalikuja saa kumi na moja yakakatika saa mbili, na katika muda huo alijaza mapipa saba, ndoo zote za wapangaji, mpaka sufuria kubwa za kupikia tamale za mahindi ambazo kwa kawaida hazishuki kabatini kabla ya Krismasi. Kisha akagonga mlango mmoja mmoja. Fungeni mapazia upande wa jua. Kila mtu aoge kwa ndoo moja. Maji ya kufulia yasimwagwe, yaende chooni. Wapangaji waliitikia ndiyo, mama, na alipogeuka walikonyezana.

Wacha wakonyezane. Hao walikuwa chini, kwenye vyumba vya zamani vyenye kuta nene za mawe. Kilichomnyima raha ni chumba kimoja tu, kile cha juu ya paa. Marehemu mumewe alikijenga kwa matofali ya saruji, wikendi tatu tu, na katika haraka yake hakuna aliyeliuliza jua lina maoni gani. Humo, kwa miaka tisa sasa, aliishi Mzee Casimiro, mwenye miaka sabini na saba, aliyelisha tanuru la kiwanda cha chuma kwa miaka thelathini na minane.

Tangu Mei Bi Eduviges alikuwa kiguu na njia kwa ajili ya chumba kile. Alipaka paa rangi nyeupe. Alitundika wavu wa kivuli. Alinunua feni. Na bado kipimajoto alichokining'iniza mlangoni kilisoma arobaini na tatu jana mchana. Basi akatoa cherehani yake kwenye chumba kilicho karibu na jiko, akaweka kitanda na shuka safi. Kilichobaki ni mzee kushuka. Mzee hakutaka kushuka.

"Utatangulia kufa wewe kwa hizo ngazi," alisema Yadira wa chumba namba tatu, aliyekuwa anasukuma chapati za ngano kwenye kivuli cha ua. "Leo umepanda mara ngapi?"

"Nne."

"Mwambie unampenda, mama. Atashuka mbio, utashangaa."

"Yadira, niache."

"Basi. Lakini sikio la kufa halisikii dawa." Safari hii Yadira hakucheka. Mwaka jana, mtaa wa nyuma, bibi mmoja aliyekuwa akiishi peke yake alikutwa amekufa chumbani kwake baada ya siku tatu, na kila mtu uani pale alikuwa anajua.

Saa nane mchana Bi Eduviges akapanda tena. Chuma cha ngazi kilimchoma kiganja, akapanda bila kushika. Mlango ulikuwa wazi. Mzee Casimiro alikaa kwenye kiti chake katikati ya chumba, kitambaa shingoni, feni imezimwa.

"Mbona umeizima?"

"Inanipulizia moto usoni. Moto wa bure nimeshapata wa kunitosha, bibie."

"Kunywa maji."

"Nimekunywa."

"Saa ngapi?"

"Ala! Umekuwa nyapara?" Alicheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu. "Nimesimama mbele ya chuma kinachochemka miaka thelathini na minane. Joto hili ni mtoto mdogo, bado ananyonya. Tazama mkono wangu. Hata jasho sitoi."

Aliunyoosha kwa fahari. Bi Eduviges akaushika. Mkono ulikuwa mkavu na wa moto kama bati. Alikwisha kulisoma tangazo la zahanati mara nyingi hata akalikariri: mzee akiacha kutoa jasho, usingoje. Alitaka kupiga kelele. Lakini kelele alizipiga tangu Mei na hazikumshusha hata ngazi moja.

"Niambie kitu," alisema taratibu. "Kule kiwandani, mtu akiacha kutoa jasho mlimfanyaje?"

Mzee alijilamba midomo.

"Alipokewa."

"Akiomba?"

"Nani aombe! Anayeiva ndiye wa mwisho kujua kwamba anaiva. Mwenzako anakuja nyuma, anakugusa bega. Unamwachia koleo, unaondoka, huna neno. Kukataa ilikuwa aibu kuliko wizi. Kulikuwa na jamaa mmoja alikataa, Hilarión, tulimsusa..." Akakwama hapo, kama mtu aliyesahau alikuwa anaelekea wapi.

Bi Eduviges alizunguka nyuma ya kiti, akamgusa bega.

Mzee akageuka polepole. "Usifanye mzaha na hilo. Anayegusa hubaki mahali pa mwenzake. Hatoki mpaka apokewe, robo saa ikiisha."

"Nimesikia. Inuka, nikae."

Kisha mzee akainuka, akayumba, akashika mlango, akatoka bila neno. Bi Eduviges akamwita Yadira kwa sauti kuu. Yadira alimpokea kwenye ngazi ya kati, akamteremsha kama anayeteremsha kabati la vioo. Muda si mrefu Bi Eduviges akasikia maji yakimiminwa na Yadira akifoka, "Kunywa! Kuna chumvi na ndimu, siyo sumu!"

Naye akakaa. Angeweza kutoka, lakini mzee alikuwa amelazwa kwenye chumba cha cherehani, kichwa kimeelekea mlangoni, macho yakitazama juu ya paa. Angemwona akitoka, angepanda. Basi akakaa kwenye kile kiti, ambacho hakuwahi kukikalia.

Dakika za kwanza alijiambia si mbaya. Halafu joto likaanza kushuka kutoka kwenye zege na kumlalia utosini. Ukuta ulikuwa wa moto, godoro la moto, maji ya kwenye jagi ya moto. Hewa aliyoivuta haikumfikia popote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye miaka yote hiyo aliishia mlangoni, akagonga, akauliza hali, akaambiwa nzuri, akashuka kwenye kuta zake za mawe. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kujificha, na humo ndani hapakuwa na pembe yenye kivuli cha kujifichia.

"Robo saa imekwisha!" Sauti ya mzee ilitoka uani. "Zamu yangu!"

"Lala wewe!" Yadira alipiga kelele. "Mama! Ananisukuma!"

Ngazi ya chuma ikalia. Hatua moja. Ya pili. Bi Eduviges akaruka kutoka kitini, kizunguzungu kikampiga, akashika kitasa na kutoka nje kwa kupepesuka. Akamkuta mzee ngazi ya nne kutoka juu, shati limelowa maji, pumzi inakatika, mkono ameshaunyoosha kutafuta bega lake.

Akarudi nyuma asiguswe.

"Hakuna zamu, mzee. Nimelizima tanuru."

Mkono wa mzee ulibaki hewani. "Huwezi kulizima wewe."

"Chumba ni changu. Nimekifunga."

"Walipolizima la kwetu walitufungia geti tu," alisema mzee. "Hakuna aliyetuambia tukakae wapi."

"Mimi nakwambia. Kakae chini, karibu na jiko."

"Na hiki utampangisha nani?"

"Sitampangisha mtu. Hata kuku ningemwonea huruma."

Mzee Casimiro akateremsha mkono. Akakaa palepale kwenye ngazi, mgongo umeegemea ukuta, akafumba macho.

"Miaka tisa, Eduviges," alisema.

Hakusema kwa hasira. Bi Eduviges akashuka ngazi zilizobaki kati yao, akampitishia mkono kwapani na kuanza kumteremsha.