Nzila wa Tumboni

Uchungu ulimshika Erica akiwa uani, anapukuchua mahindi na mama mkwe wake, Fausta. Zahanati iko mbali, barabara ni mashimo matupu, na pikipiki hufika ikitaka. Ndiyo maana nusu ya wavulana wa kijiji hiki cha bonde la Momba wanaitwa Nzila, yaani njia kwa Kinamwanga: mama zao walijifungulia njiani. Jina lenyewe ni zuri. Shida ni namna linavyopatikana.

Mtoto wa hivyo akizaliwa, kesho yake barabara huja nyumbani kwao. Hulala uani na vumbi lake, kuku wakiiparua, na haiondoki mpaka mtoto apewe jina. Siku hiyo malori ya mpunga hupitia mashambani, na madereva hununa kidogo.

Kwa Erica ilikuja pia, mwaka juzi, ikakuta hakuna wa kupewa jina. Ilikaa mpaka jioni, ikaondoka taratibu. Tangu hapo Erica hakutaka hata kuikanyaga.

"Mama," alisema sasa, ameshikilia mlango, "huyu simzalii njiani. Mwite jina sasa hivi, barabara ije kabla yake."

Fausta aliweka gunzi chini. "Wa tumboni haitwi jina, mwanangu. Ni mwiko. Na akiwa wa kike?"

"Mwite tu, mama!"

Fausta akainama, akaliambia tumbo: "Nzila."

Barabara ikaja hapo hapo, na kwa haraka yake ikaja na zahanati kwenye ncha ya pili. Ilijikunja uani kama kanga kabatini. Erica aliikanyaga, akavuka ua akiwa amemshika mama mkwe wake, akapanda kitandani. Nesi akamwuliza kama amekuja na kadi ya kliniki. Alikuwa nayo.

Mtoto alitoka wa kiume, akalia vizuri. Erica naye alilia, kwa furaha, na kwa ajili ya yule wa kwanza.

Jioni barabara ilirudi mahali pake na mashimo yake yote, pamoja na zahanati. Kesho yake Erica alimrudisha Nzila nyumbani kwa pikipiki, asubuhi mpaka alasiri.

Kwenye mkutano wa kijiji waliambiwa barabara itatengenezwa, kama walivyoambiwa mwaka juzi. Recho, jirani yao mwenye mimba, hakungoja mkutano uishe. Alikwenda nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuliita tumbo lake Nzila. Barabara ikasogea mpaka uani kwake, ikalala pale kungoja.