Ase Mbili Mbele ya Mama Mkwe

Mimi hujiita mtu wa subira. Mke wangu, Clotilde, ana jina lingine la tabia hiyo, na hulitumia kila ninapomwambia kwamba kitasa cha mlango nitakitengeneza wiki ijayo. Miaka minane ya ndoa sijamshinda katika ubishi huo, ingawa mimi ndiye mwalimu wa hesabu.

Ndiyo maana mashindano ya poka ya Zéphirin niliyachukulia kwa uzito. Zéphirin ana baa yake mtaani Katuba, na Jumapili ile baada ya misa aliweka zawadi moja tu: congélateur mpya, friza ya kugandishia, bado imo ndani ya katoni, imesimamishwa karibu na kaunta ili kila mtu aitamani. Clotilde anauza samaki. Samaki wake hulala kwenye congélateur ya jirani, na jirani akinuna, samaki wanaoza. Nilimwahidi ya kwake mwenyewe kabla kifungua mimba wetu hajaota meno. Sasa mtoto anang'oka meno.

"Gauthier," aliniambia asubuhi hiyo, "leo usirudi na ma-explications. Urudi na congélateur."

Nilikuwa tayari, kwa kuwa nina daftari. Humo nimeandika ni lini mtu mwenye karata nzuri afiche nguvu zake: pale tu mpinzani anapokuwa na pupa ya kuongeza dau mwenyewe, na karata zitakazofunguliwa mezani zisiweze kumwokoa. Bila hayo, piga mapema. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo, tena kwa rula.

Tulianza watu ishirini na wanne. Ilipofika saa kumi alasiri tulibaki wawili, na wa pili alikuwa mama mkwe wangu.

Maman Victorine ni Mkasai, mfanyabiashara. Poka alijifunza Mokambo, akisubiri malori yenye bidhaa zake yavuke mpaka. Mimi ni mtoto wa watu wa reli, na kwetu mambo ya ukwe yalishalegea. Kwao bado. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, wala haongei naye ila kupitia mtu, mpaka siku atakapompelekea mbuzi wa kufungua uso. Mbuzi mmoja tu. Waliooa dada zake Clotilde walipeleka mbuzi wao mwaka wa kwanza. Mimi nilikuwa nasubiri wakati mzuri.

"Bon," alisema Zéphirin, huku baa nzima ikicheka, "hapa tuko mu tournoi ya karata. Hakuna bukwe."

Maman Victorine hakumsikiliza. Aligeuza kiti upande, akavuta kitenge mpaka kwenye paji la uso. Nami nikakaza macho kwenye mikono yake, kwa sababu zaidi ya hapo sikuruhusiwa. Ilikuwa mikono mizuri, mitulivu, yenye pete moja. Haikuniambia kitu chochote.

Ndipo Zéphirin akanigawia ase mbili, zile karata zenye A. Katika karata mbili za mwanzo hakuna jozi inayozishinda. Jetoni zetu za kuwekea dau zilikuwa karibu sawa, yeye akinizidi kidogo. Nikimpata hapa, congélateur inapanda juu ya mkokoteni wa pousse-pousse kuelekea nyumbani. Daftari lilisema piga mapema, maana sikujua kama ana pupa au hana. Lakini kumwongezea dau mama mkwe, mbele ya watu, ni kama kumpigia kelele. Mkono ulikataa. Basi nikafuata dau dogo tu, nikajiambia kwamba ninamtega. Nilijisifu hata. Woga wangu niliuvalisha suti na tai, nikauita mbinu.

Yeye akagonga meza: anaangalia bure. Zikafunguliwa mezani karata tatu za kutumiwa na sote wawili: mfalme, saba, mbili. Akagonga tena. Nami nikagonga, mtegaji mkubwa mimi. Ya nne ikatoka: nne. Akaweka jetoni chache, nikafuata. Ya tano ilikuwa tisa. Mikono ile mitulivu ikasukuma jetoni zote katikati, nami nikazisukuma zangu kwa furaha, nikizitupa ase zangu mezani kabla hajaombwa mtu kuonyesha.

Alikuwa na saba na nne. Takataka tupu, ambazo nilizikaribisha mezani na kuzipa kiti. Jozi mbili zilikula jozi yangu moja.

"Zéphirin," alisema Maman Victorine, akiitazama kaunta, "ambia bukwe yangu: kama alikuwa anaongeza hata kidogo, mi nilikuwa natupa."

"Anasema—"

"Nimesikia," nikajibu.

Nilirudi na ma-explications, maelezo matupu. Clotilde aliyasikiliza akiwa amesimama, halafu akaingia ndani.

Kesho yake pousse-pousse ilisimama mlangoni na ile katoni juu yake. Msukumaji alikuwa na ujumbe: "Maman anasema ikae huku. Lakini muache nafasi ya mbuzi muzima."

Clotilde alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

"Miaka munane, Gauthier. Mama anafikiri haumupende."

Niliona haya, haya ya kweli, ambayo hata mimi sikupata mzaha wa kuifunikia. Miaka yote hiyo nilidhani mbuzi wangu anaongezeka thamani kwa kungojewa.

Jumamosi nilimpeleka, dume jeupe lililonila mkono wa shati njiani. Maman Victorine akashusha kitenge, akainua uso. Ana macho ya Clotilde, na nilikuwa sijui. Tulikula sahani moja, halafu akatoa karata, tucheze kwa karanga.

Mchezo wa kwanza tu, alipochungulia karata zake, nyusi zikapanda, mashavu yakajaa, akauma midomo ili asicheke. Hajui kabisa kuficha. Uso wote ulitangaza. Nikatupa zangu palepale.

Akafunua wafalme wawili, amekasirika. "Umejua namna gani?" aliniuliza, mimi mwenyewe, bila kupitia mtu.

"Niliangalia tu sura, Maman."