Simu Inayojipokea

Wiki ile Mwanaamina hakutulia. Anakoroga sabuni, anaacha, anakwenda kuitazama simu aliyoitundika kwenye msumari, anarudi, anakoroga tena. Mimi Shadia, jirani yake, nilichoka kwa niaba yake.

Vidole ndivyo vilivyomponza. Wapika sabuni ya mawese wenzake hapa Kasulu huvaa glavu. Yeye anasema glavu haikwambii kama sabuni imeshika au bado, basi anaipima kwa ncha ya kidole, na kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni, imemla ngozi mpaka imekuwa ngumu kama kigae. Kioo cha simu hakimtambui. Anabonyeza, anatelezesha, anatukana, simu inaita mpaka inakata.

Na aliyekuwa akipiga ni binti yake, Firdausi, aliyeolewa Kibondo na Nduwayezu, Mkristo ambaye wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi wakapata uraia. Mwanaamina hakukanyaga harusini, na tangu hapo hawakusemezana. Sasa mimba ya Firdausi ilikuwa imefika mwisho, anampigia mama yake, na mama hawezi kupokea. Kuomba mtu ampigie hataki. Kiburi chake si cha nchi hii.

Saady, mwanawe wa kiume, aliposhindwa kuvumilia yale matusi, aliirekebisha simu ikawa inajipokea yenyewe na kutoa sauti kubwa.

"Mama, wewe ongea tu," alimwambia. "Usiiguse."

Jumamosi nilimkuta jikoni uani. Mashine ya kusaga iliyo nyuma ya ukuta ilikuwa inanguruma, hatusikilizani bila kupaza sauti. Nikamchokoza, "Firdausi akijifungua utakwenda?"

"Niende wapi?" akapiga kelele. "Si alichagua mwenyewe? Asinipigie. Sina haja naye, wala na huyo mume wake."

Nikacheka, maana namjua. Mara mashine ikazimwa, na katika ule ukimya tukasikia mtu anahema. Simu ilikuwa inawaka pale msumarini. Kisha ikakatika.

Mwanaamina aliutupa mwiko. Akaitwaa simu, akafuta vidole kwenye kanga, akavilamba, akalibonyeza jina la binti yake. Kimya. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akausukuma. Akainama, akabonyeza kwa pua. Ikaita.

"Firdausi, usikate."

"Nimekusikia, mama."

"Nilikuwa namringia Shadia tu. Kila siku nakusubiri, mwanangu. Vidole ndivyo vinanikatalia."

"Shadia yupo hapo?"

"Yupo."

"Basi mwambie yeye, kama ulivyomwambia yale mengine."

Nilitamani mashine iwashwe tena. Mwanaamina kumwomba radhi mtu ni kazi, sembuse mbele ya jirani atakayeyapeleka mpaka sokoni. Akanigeukia, povu la sabuni puani, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Shadia," akasema, kwa sauti kubwa ileile. "Namtaka mwanangu. Na mume wake namtaka."

Upande wa pili ikaja sauti ya kiume, ya mtu aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo.

"Shikamoo, mama."

Mwanaamina akaketi chini pale pale kwenye majivu.

"Marahaba, baba," akasema.