Tisa Ilivyoishinda Kumi

Jirani, ulipita na ndoo imejaa, ukayaona mapipa makavu ya kichochoro chetu, ukageuza uso. Usiniambie hukuona. Nakumbuka hata wimbo uliokuwa unaupigia mluzi. Nakumbuka na mtaro wa bomba tuliochimbiwa kabla ya uchaguzi. Bomba halikuja, mtaro upo, kuku wanalala humo.

Basi safari hii kamati ya maji ya mtaa wetu, hapa kilimani juu ya mto Ozama, iliacha kugombania zamu za lori la maji kwa makelele. Yudelka, binti wa kinyozi, anajifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kwenye darasa la Jumamosi kanisani. Akatengeneza ukurasa wa mtandaoni: kila kichochoro kinaandika siku kilizokaa bila maji, chenye nyingi kinapanda juu, dereva anakifuata. Tukampigia makofi.

Siku ya tisa tukafika kileleni. Doña Eufemia, mfuaji wetu, mwenye rundo la magauni meupe ya komunyo ya kwanza, akapanga mapipa na kumchemshia dereva kahawa. Umeme ukakatika. Dereva, kwa kukosa ukurasa, akaenda zake kulala.

Asubuhi mtaa mzima ukapiga yowe, "Umeme umerudi!" Tukafungua ukurasa. Siku ya kumi, na sisi tuko mkiani, chini hata ya kichochoro cha mwenyekiti, Don Leovigildo, kilichopata maji juzi.

"Kwani mmeikosea nini mashine, doña?" akauliza Leovigildo, nywele bado zinamchuruzika maji.

"Kiu. Tumeizidisha."

"Mashine haina shangazi hapa mtaani. Haipendelei mtu."

"Wewe unao watatu, don, na wote wameoga."

Yudelka akaja mbio, kompyuta kifuani. "Kosa langu! Nilichukua zoezi letu la darasani la kupanga majina ya wanafunzi. Inasoma namba kama jina, inaanza kulinganisha alama ya mwanzo. Kumi inaanza na moja, basi inakaa chini ya mbili. Hata mngefika mia, mngebaki huko huko."

"Yaani tukifa kiu, ndiyo tunashuka zaidi?" akauliza Eufemia.

"Mkivumilia mpaka tisini, inayoanza na tisa, mtapanda tena kileleni."

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Rekebisha kabla sijakupiga kandambili."

Akabadilisha mstari mmoja: ukurasa utoe namba moja kwenye nyingine, uone ipi kubwa. Tukapanda juu palepale. Eufemia akapiga vigelegele.

"Rudisha!" Leovigildo akafoka. "Mpangilio ulipitishwa kwa kura, hauguswi bila kura."

Yudelka akaurudisha, machozi yanamlengalenga.

Kura ndiyo hii. Kikao kinaanza sasa hivi, kwenye meza za domino. Magauni hayajafuliwa na yanavaliwa kesho, na shangazi watatu wa Leovigildo wameshakaa mbele, mikono tayari. Tua hiyo ndoo, njoo uinue wako.