Mama wa Juu ya Mlango

Armelle Guillou alikuwa akimenya viazi dirishani, katika chumba chake cha chini huko Nantes, wakati uso wa jiwe uliokuwa juu ya mlango mkuu ulipoteremka. Kumbe mwili wote ulikuwamo ukutani. Alikuwa mwanamke Mwafrika, mrefu, mabega yamejaa vumbi la chokaa, na alibisha hodi.

"Karibu, dada. Futa miguu tu, wametoka kupiga deki."

Mgeni alisema shingo inamuuma. Nyumba ile ilijengwa na mwenye meli aliyetajirika kwa kuuza watu, akaagiza achongwe mtumwa wa kuipamba roshani ya juu ya mlango, na tangu siku hiyo mama yule aliibeba roshani hiyo kwa kichwa. Armelle alimpa supu, akamkanda shingo kwa mafuta. Keki ya ramu na sukari, fahari ya mji tangu enzi za meli zile, mgeni aliikataa kwa upole. Usiku alilala upande wa kitanda wa marehemu bwana Guillou, na Armelle, mjane wa siku nyingi, akafurahi kusikia tena mtu akikoroma.

Roshani, bila wa kuibeba, ikaanza kuinama. Ukuta wa mbele ni mali ya wenye vyumba wote kwa pamoja, kwa hiyo kikao kikaitishwa chini ya ngazi, kama kinavyoitishwa hata taa ikiungua.

"Si kwamba hatumpendi, mama Guillou," alisema bwana Tessier wa ghorofani. "Lakini watu wa idara ya majengo ya kale hawataki hata jiwe moja lipungue."

"Basi kasimame wewe, na hicho kichwa chako kigumu!" Armelle alimjibu.

Watu walicheka, kisha wakapiga kura kama mgeni arudi ukutani. Mkono wa kumtetea mgeni ulikuwa wa Armelle peke yake. Wengine walimshukuru mgeni kwa uvumilivu wake, na mmoja akamletea maua.

Armelle akaazima ngazi ya mbao, akaiegemeza mlangoni.

"Nisamehe. Nilitaka ubaki."

"Najua, mwenzangu." Mgeni alimpapasa shavu. "Chumba chako ulikirithi?"

"Tulikinunua, mimi na mume wangu. Kwa jasho letu."

"Na ukuta?"

"Ukuta ulikuja pamoja na chumba."

"Basi hata wewe ni mmoja wao," mgeni alisema bila chuki, akaanza kupanda.

Armelle aliishika ngazi kwa mikono miwili, mgeni asije akaanguka.